Kituo cha Nne

Vituo vilikuwa vitatu, lakini siku ya kwanza ya majaribio walisikika wanne.

Bernado alikuwepo. Alikuwa ameegemea mlango wa bohari ya dawa pale Musoma mjini, funguo za gari la wagonjwa zikining'inia kidoleni, akimtazama mdogo wake Pelagia aliyekaa mbele ya kompyuta kama mpishi anayesubiri maji yachemke. Jua lilikuwa la utosi. Nje hata kunguru walikuwa wamenyamaza. Pelagia alibonyeza, kile kisanduku cheusi kando ya redio kikalia kama nyenje, na maneno yakajitokeza kwenye kioo: BUNDA YUPO. Punde tena: BUTIAMA YUPO. Pelagia akapiga makofi na kugeuka kumtazama kaka yake, meno yote nje.

Kisha kisanduku kikalia chenyewe, bila kubonyezwa.

YUPO.

"Yupo nani?" Bernado aliuliza.

"Labda mwangwi. Mawimbi yanagongaga mlima, yanarudi." Pelagia alichukua kipaza sauti, kwa maana mtambo ule ulibeba maandishi na maneno ya mdomo pia. "Vituo vyote, hapa ni Pelagia, Musoma. Nani mwenzangu hapo?"

Kikasikika kitu kama pumzi za mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa. Halafu sauti ikaja, ikilitafuna kila neno taratibu, kama mtoto anayejifunza kusema.

"Hapa... ni... Pelagia."

Bernado alicheka. Alidhani ni Alfonsi, karani wa Bunda, anafanya utani. Pelagia hakucheka. Aliuzima mtambo, akakaa akiutazama.

Mwaka ule ulikuwa wa mvua za Elinino. Barabara zilikatika, makalavati yakazolewa na maji, na simu za nguzo zilikuwa zimekufa siku nyingi kwa sababu nyaya zake zilikwisha kukatwa na kugeuzwa bangili na mitego ya sungura. Shirika la Afya la Mwangaza lilikuwa na bohari na gari moja la wagonjwa Musoma, kituo cha afya Bunda na zahanati Butiama. Mama akishikwa na uchungu mbaya Butiama, muuguzi alimpa ujumbe kondakta wa basi, kisha akamwachia Mungu.

Pelagia ndiye aliyesema mambo yale hayawezi kuendelea. Alikuwa binti wa mvuvi wa Mugango, aliyesoma ufundi hadi akapata cheti, akarudi nyumbani wakati wenzake wote walibaki Dar es Salaam. Alimwambia Daktari Silasi, mkuu wa shirika, kwamba kompyuta tatu zinaweza kuunganishwa bila waya hata mmoja, kwa redio na betri za jua. Wafanyakazi walipokunja nyuso, aliwaeleza kwa lugha ya ziwani: "Ni kokoro. Kamba huku, kamba huku, katikati wavu. Tofauti ni kwamba huu tunautega hewani."

Majuma mengi yeye na Bernado walipanda vilima. Mmoja alibaki chini na kioo cha kunyolea akimulika jua. Mwingine alikaa juu ya mawe na darubini akitafuta mmweko. Panapoonekana mmweko, alisema Pelagia, mawimbi yatapita. Hivyo ndivyo walivyopata kilima cha kuwekea mtambo wa kupokezana mawimbi, na ndivyo walivyogundua kwamba kituo cha Bunda kilikuwa bondeni, hakionekani kutoka kilimani.

Jengo pekee refu lililokuwa tupu hapo Bunda lilikuwa la marehemu Luhende. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa nguo na pamba, na wazee walimkumbuka kwa jambo moja: miaka ile ya shida, rafu za wenzake zikiwa na vumbi tupu, dukani kwake sukari haikukatika, wala sabuni, wala khanga. Msako wa wahujumu uchumi ulipokuja, alifunga milango kwa siku moja na kutoroka. Hakurudi tena, alifia ugenini. Warithi wake walilikodisha jengo bila maswali. Mtoto wake alikuja na ufunguo, akaukabidhi barabarani, akaondoka bila kuvuka kizingiti.

Mlingoti ulisimikwa juu ya paa, na mtambo ukawekwa chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma. Bernado alikumbuka siku walipoufungua. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu watoto wa shule za leo hawajazaliwa, lakini hakikuwa na buibui, wala kinyesi cha panya. Kilikuwa na ubaridi. Na kilinukia udi na marashi ya waridi, harufu mbichi kabisa, kama kwamba aliyejifukiza ametoka sasa hivi kwa mlango wa pili. Chumba hakikuwa na mlango wa pili.

"Hakuna vumbi," Pelagia alisema kwa furaha. "Kompyuta itapenda hapa."

*

Mtandao ulifanya kazi, na hilo ndilo lililowafumba macho. Katika juma la kwanza tu, mzee aliyegongwa na nyoka mashamba ya Butiama alifikiwa akiwa hai. Dawa zilizokuwa zikichelewa mwezi zilifika siku iliyofuata. Daktari Silasi alitembea ofisini kama bwana harusi.

Nyangi, muuguzi wa Butiama, ndiye wa kwanza kulalamika. Bernado alipompelekea dawa, alimvuta pembeni.

"Kaka Bernado, mwambie mdogo wako aache kunichezea."

"Kukuchezea vipi?"

"Mchana, wagonjwa wakishaondoka, ananiitaga kwenye redio. 'Nyangi, fungua mlango.' Nikimwuliza mlango gani, anacheka kidogo, anarudia. Jana nilikuwa nimeizima ile redio, kaka. Nimeizima kwa mkono wangu."

Bernado alimfikishia Pelagia maneno hayo. Pelagia alitikisa kichwa.

"Mchana mimi nakwenda kula kwako Bweri," alisema. "Unanionaga kila siku."

Hawakulizungumza tena. Lakini tangu hapo Bernado alianza kusikiliza. Redio ya garini kwake, anapopita uwanda kati ya Bunda na ziwa jua likiwa juu ya kichwa, ilikuwa na pumzi ndani yake. Si ule mkwaruzo wa kawaida. Pumzi, zinazoingia na kutoka, za mtu anayengoja zamu yake ya kusema.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa ya mvua asubuhi na jua kali baadaye. Bernado alikuwa Musoma akifuta tope kwenye gari pale redio ilipofunguka na sauti ya mdogo wake ikamwambia, kwa haraka lakini bila woga, aende Mugango, nyumba za mwaloni, pale wavuvi wanapotia mashua, kuna mama anatoka damu. Hakuuliza kitu. Sauti ile alikuwa ameisikia tangu ilipokuwa kilio cha mtoto mchanga. Aliendesha kwenye matope yale hadi gari likazama magurudumu, akashuka, akakimbia kwa miguu hadi mwaloni. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walimshangaa. Hakuna mjamzito pale. Hakuna aliyeita mtu.

Wakati huohuo, Butiama, mama kijana aliyeitwa Wankyo alikuwa amelala kwenye kitanda cha zahanati, mtoto amekwama. Nyangi aliita Musoma. Sauti ya Pelagia ikamjibu kwamba gari liko njiani. Aliita tena. Gari liko njiani, Nyangi, tulia. Alitulia. Jua lilipoanza kuegama ndipo alipowakusanya wanaume wakambeba Wankyo kwa machela hadi barabarani, wakasimamisha lori la mkaa. Wankyo alipona. Mtoto alizikwa kesho yake.

Nyangi alikuja Musoma mwenyewe, na gauni lake la kazi likiwa bado na damu. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga.

"Ulisema liko njiani."

"Nyangi, sikuwa redioni. Nilikuwa juu ya kilima, natengeneza betri. Kaka aliniacha hapo asubuhi."

"Nimekaa na yule mama nikimwambia vumilia, kwa sababu ya neno lako wewe."

Bernado alisogea karibu. "Pela," alisema. "Na mimi uliniita. Ulinituma Mugango."

Pelagia aliinua mkono akajishika koo, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ameibiwa.

Daktari Silasi hakutaka kusikia. Alisema mashine haina shetani, ina hitilafu, na hitilafu hurekebishwa. Alisema kuzima mtandao ni kurudi kwenye makondakta wa basi, na wangapi watakufa hapo? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

*

Bernado na Pelagia walikwenda Bunda bila ruhusa. Alfonsi aliwapokea nje, kwenye baraza, ambako alikuwa amehamishia meza na kiti. Alikuwa kijana mnene, mchekeshaji. Sasa kola ya shati ilimzunguka shingo kama ya mtu mwingine. Kabla Pelagia hajafungua kinywa, aliweka kidole mdomoni.

"Dada, usiseme jina lako hapa," alinong'ona. "Wala jina la mtu yeyote. Linapenda majina."

"Linapenda? Nini?"

"Mchana linaongea mle ndani. Zamani lilikuwa linagonga tu. Tangu mmeweka redio, linaongea. Linaongea kwa sauti yako, dada. Juzi lilijaribu yangu, kwa sababu niliitika." Machozi yalimlengalenga. "Mama yangu amesikia nikimwita nyumbani, na mimi nilikuwa hapa."

Alfonsi ndiye aliyewapeleka kwa Bibi Kwangu, nje kidogo ya mji, kwenye boma lenye ng'ombe na pamba iliyooza shambani kwa mvua. Bernado hakuwa mtu wa waganga, alikuwa mwanakwaya. Lakini bibi yule hakuwa na hirizi wala vitisho. Alikuwa akipukuchua mahindi, na aliendelea kupukuchua walipokuwa wakimsimulia.

"Luhende alilileta kutoka pwani," alisema mwishoni. "Miaka ya shida. Kila mtu hapa alijua, na kila mtu alikwenda kwake kununua sabuni. Jini la kufugwa ni kama ng'ombe, wanangu. Linalishwa, linafungwa, linamjua mwenyewe. Yeye alilifungia akakimbia, akafa. Limekaa humo na njaa yake, halina mwenyewe, halina mdomo. Hata angepita mtu mlangoni, lingemwambia nini?"

Aliweka gunzi chini.

"Ninyi mmelipatia mdomo. Mkalitandikia njia hadi Musoma na Butiama. Na wewe mwanamke, bila kuulizwa, ukalipatia jina."

"Nilidhani ni mwangwi," Pelagia alisema.

"Sasa linakufuata. Sauti limekwisha kuipata. Bado sura."

Bernado aliuliza kama linaweza kutolewa. Bibi Kwangu alisema linaweza, ila lazima kwanza lirudi lote mahali pamoja, kisha liulizwe jina lake lenyewe, likiwa halina jina la kuazima. Likishalitaja, yeye ataliita kwa hilo na litamfuata hadi porini, halitarudi. Lakini mtu ambaye limechukua sauti yake lazima akae nalo chumbani, na asitamke neno. Hata moja. Neno moja ni kulipatia sauti tena.

"Kulirudisha mahali pamoja ninaweza," Pelagia alisema. "Tunakokota kamba kutoka pembeni."

Kesho yake walifanya hivyo. Nyangi alikata nyaya za redio yake Butiama. Pelagia alipanda kilimani akaushusha mtambo wa kupokezana na kuulaza juu ya nyasi. Musoma akazima yeye mwenyewe, Daktari Silasi akimtazama kutoka mlangoni bila kumzuia. Bernado akazima ya garini. Ikabaki Bunda peke yake, inaita, na hakuna wa kuiitikia.

*

Waliingia mjini Bunda jua likikaribia utosi. Bibi Kwangu alichimbia dawa kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, akawasha majani na udi kwenye kigae. Alimpa Bernado ufunguo wa mlango wa chuma.

"Utasikia mambo," alimwambia. "Usifungue mpaka mimi niseme. Si yeye aseme. Mimi."

Pelagia alijifunga khanga kichwani, akamshika kaka yake bega, akaingia. Bernado alizungusha ufunguo. Alfonsi alikaa ngazini, mikono masikioni.

Kwanza hapakuwa na kitu. Joto la mchana lilikuwa limeutuliza mji wote. Hata mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ilikuwa imezimwa. Moshi uliingia chini ya mlango. Bibi Kwangu aliuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwuliza mgeni, "Wewe ni nani?"

"Hapa ni Pelagia," redio ilisema mle ndani.

"Pelagia yupo na amenyamaza. Wewe ni nani?"

Harufu ya waridi ikapanda, ikaufunika moshi wa majani, ikawa nzito hadi Bernado akaihisi kwenye ulimi.

"Alfonsi."

"Alfonsi yupo hapa nje. Wewe ni nani?"

Kitu kikaanza kugonga ukutani, polepole, kikizunguka chumba, ukuta huu, ukuta ule, juu kwenye dari, kisha mlangoni, chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu yao. Bibi Kwangu aliuliza tena. Kitu kile kikanguruma neno ambalo nusu yake ilikuwa jina, na Bernado akaona uso wa bibi ukichangamka, akiinama mbele kulipokea, na hapohapo sauti ya mdogo wake ikapasuka nyuma ya chuma.

"Kaka! Moto! Kaka, nguo zinawaka!"

"Usifungue," alisema Bibi Kwangu.

Bernado alijua. Alikuwa ameambiwa, alikuwa ameelewa, alikuwa ameapa, lakini moshi ulikuwa ukitoka sasa badala ya kuingia, na sauti ilikuwa ileile iliyomwita alipokuwa na miaka kumi, siku Pelagia alipoteleza kwenye mawe ya Mugango, maji yakimfunika na kumfunua, kaka, kaka, naye akajitupa bila kujua kuogelea vizuri, na sasa iliita vilevile, ikikohoa, ikilia, ikipiga chuma kwa viganja, ikisema ngozi, kaka, ngozi yangu, na Bibi Kwangu akimshika mkono na kusema ni lenyewe, mwanangu, ni lenyewe, lakini yeye hakuona tena bibi wala mlango, aliona maji tu na mkono mdogo ukizama, na ufunguo ulikuwa umekwisha kuzunguka kabla hajajua kwamba ameuzungusha.

Mlango ulimtupa pembeni. Upepo wenye joto la tanuri ulipita, ukambeba Bibi Kwangu na kumbwaga chini ya ngazi. Kisha, kutoka kwenye moshi, Pelagia akatoka akiyumba, khanga kichwani, mikono imenyooshwa mbele.

Bernado alimkumbatia. Hakuwa ameungua popote. Nyuma yake Alfonsi, akitetemeka mwili mzima, aliusukuma mlango ukajifunga kwa kishindo, akaukomea.

Mguu wa Bibi Kwangu ulikuwa umevunjika. Walipokuwa wakimwinua kumpeleka kituo cha afya, alimkamata Bernado shati.

"Wametoka wangapi?"

"Mmoja, bibi. Mdogo wangu tu. Kazi imekwisha."

Bibi alifungua mdomo kusema jambo, maumivu yakamzidi, akazimia.

*

Bernado alitaka Pelagia apimwe mapafu hospitali ya Musoma. Alimkalisha kiti cha mbele, wakaondoka. Uwanda ulikuwa umetulia, maji ya mvua yakimeremeta kwenye mashamba ya pamba. Alijisikia mwepesi. Kosa lake lilikuwa limepita bila gharama.

"Umechoka?" alimwuliza.

"Hapana, kaka." Sauti ilikuwa nzuri, safi, haina hata mkwaruzo wa moshi. Alinuka udi, kama walivyonuka wote. Baada ya mwendo kidogo akasema, "Mke wako anaitwa nani?"

Bernado alimtupia jicho. "Moshi umekuingia kichwani, Pela. Umemsahau Dorotea?"

"Dorotea," alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja asali. Akatabasamu. "Na mtoto wenu wa mwisho? Yeye unamwita nani?"

Bernado alitaka kujibu. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini aliona afadhali kwanza awaarifu Musoma kwamba anamleta mgonjwa, akasahau kwamba huko kumezimwa, na mkono ukawasha redio.

Hakukuwa na sauti, kulikuwa na mnong'ono. Pumzi tupu zenye maneno ndani yake.

"Kaka. Usiitike. Niko chumbani bado. Sauti imetoka, nimebaki na pumzi tu. Nilijiona nikipita mlangoni. Huyo uliye naye usimwambie jina la mtu, kaka, usimwambie jina la mtoto. Betri inaisha..."

Redio ikakatika.

Gari lilikuwa bado linakwenda. Bernado alitazama mbele, barabarani, akajilazimisha kutogeuza shingo. Pembeni yake kulikuwa na utulivu. Alipunguza mwendo, akakata usukani, akaligeuza gari.

"Tunarudi?" aliulizwa kwa upole.

"Nimesahau spana," alisema.

"Sawa, kaka. Hukuniambia jina la mtoto."

Njia ile hakuwahi kuiona ndefu hivyo. Alisali Salamu Maria moyoni, midomo imefungwa, maana aliogopa hata majina ya watakatifu, na kila alipofika mwisho wa sala swali lilirudi, kwa sauti ya dada anayembembeleza kaka, sauti ya utotoni, sauti ya mwaloni, wa mwisho anaitwa nani, kaka, ni wa kiume au wa kike, anafanana na nani, nitamwitaje nikimkuta anacheza uani, na jasho lilimchuruzika hadi kwenye viatu, na aliuma ulimi wake mpaka akaionja damu, akaendelea kuuma, na hakugeuka hata mara moja kwa sababu alikuwa na hakika kwamba akigeuka ataona uso wa Pelagia ukimtazama kwa upendo, na upendo huo ndio ungemshinda.

Alipofunga breki mbele ya jengo la Luhende na kugeuka mwishowe, kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa upande ule ulikuwa umefungwa, kioo kimepandishwa. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa marashi.

Alimkuta Pelagia chini ya meza ya mtambo, kipaza sauti kifuani, khanga kichwani. Alikuwa hai. Alipomwona kaka yake alifungua kinywa amlilie, na hakikutoka kitu.

*

Mlingoti wa Bunda waliung'oa juma lileile. Baadaye, mvua zilipokoma, mtambo ulisimikwa tena kwenye mnara wa maji, mbali na hapo, na tangu hapo vituo vilivyosikika vilikuwa vitatu. Daktari Silasi hakuuliza zaidi. Alimwacha Pelagia kwenye kazi yake, kwa kuwa maandishi hayahitaji koo. Kule Butiama Nyangi alisoma ujumbe wake kwenye kioo kila asubuhi na kuujibu. Walisameheana kwa njia hiyo, kwa kuandika.

Sauti yake haikurudi. Hospitali walimulika koo wakasema ni zima. Bibi Kwangu, aliyebaki akitembea kwa mkongojo, aliwaambia ukweli bila kumlaumu mtu. "Nilitaka kulitoa likiwa tupu," alisema. "Limetoka na mzigo."

Habari zilianza kuja polepole. Mama mmoja wa Suguti aliitwa nje na mwanamke mwenye sauti nzuri, akatoka, hakuona mtu. Fundi cherehani wa Bunda aliulizwa jina dirishani, akalitaja, na siku hiyohiyo mkewe akamsikia akimwita kutoka kisimani. Watu wa pande zile wakajifunza kwamba jua likiwa utosini mgeni haitikiwi mpaka uso wake uonekane, na watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Bernado na Pelagia walikuwa wamekaa sebuleni kwake Bweri wakichambua maharage kwenye ungo. Dorotea alikuwa amekwenda na watoto kwa majirani. Mlango wa mbele ulikuwa umeegeshwa tu. Nje kuku walikuwa wakiparua, kisha wakaacha.

"Hodi," sauti ya Pelagia ilisema barazani. "Kaka, hodi."

Punje zilimponyoka Bernado mkononi. Mdogo wake alikuwa ameketi mbele yake, midomo imefumbwa, macho kwenye mlango. Taratibu alinyoosha mkono juu ya ungo, akamshika kaka yake kiganja na kukibana kwa nguvu zake zote.

"Kaka," ilisema sauti, tamu, yenye subira. "Nimekuja na mtoto wako wa mwisho. Nimemkuta njiani. Ameniambia jina lake."